Darasa Katika Banda la Jibini

Maziwa yaligoma kuganda. Kayitare aliinama tena juu ya sufuria kubwa, akatumbukiza mwiko, akauinua, na maziwa yakachuruzika kama maji ya mvua. Alikuwa ametia kuni nyingi akidhani moto mkali ungeharakisha kazi. Sasa dawa ya kugandisha, ambayo mke wake huipima kwa kijiko kama mtu anayempimia mtoto dawa ya homa, ilikuwa imeungua bure.

Katika nyumba hiyo ya vilima vya Bihambwe, ng'ombe walikuwa wa Kayitare lakini jibini ilikuwa ya Mukagasana. Mume alikamua, mke alipika. Ndivyo walivyoishi tangu walipooana, na hakuna aliyewahi kuuliza ingekuwaje siku mke asipokuwepo. Siku hiyo sasa ilikuwa imefika. Mimba ya Mukagasana ilimsumbua mno, na wauguzi wa Masisi walimwagiza alale kitandani huko huko hadi ajifungue. Dereva wa pikipiki alimbeba polepole, kama aliyebeba kapu la mayai, na tangu asubuhi ile banda la jibini lilikuwa yatima.

Nsengimana, mchuuzi aliyekuwa akipakia jibini za kijiji na kuzipeleka Goma, alifika kando ya barabara kuchukua mzigo wake. Kayitare alikuwa amejaribu mara kadhaa, na kitu alichofanikiwa kukitoa kwenye kalibu ya jibini kilikuwa cheupe, laini, chenye matundu yasiyo na mpango. Nsengimana alikibonyeza kwa kidole, akakinusa, kisha akawageukia watu waliokuwa wakisubiri pikipiki barabarani.

“Papa Kayitare,” alisema kwa sauti ya kusikika, “hii ni fromaji ao ni sabuni?”

Watu wakacheka. Kayitare naye akacheka, kwa kuwa hakuona la kufanya na uso wake.

“Mama akirudia, uniite,” Nsengimana akaongeza, akifunga kamba kwenye mzigo wa watu wengine. “Miye siwezi kupeleka hii kwa wateja. Watanitupia mu macho.”

Kayitare alirudi nyumbani na kipande chake chini ya kwapa. Jioni hiyo, kabla jua halijazama, alimkuta binti yake Umulisa akiosha ndoo za kukamulia. Umulisa alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Tangu utotoni alikuwa amesimama kando ya mama yake bandani, na jibini aliijua kama anavyojua njia ya kwenda kisimani.

“Umulisa, kesho usiende ku masomo.”

“Kesho tu, Papa?”

“Mpaka Mama yako arudie.”

Msichana aliacha kusugua. Mwaka huo shule zilikuwa zimefungwa kwa majuma mengi, kwa sababu za vita ambazo kila mtu wa Masisi alizijua na hakuna aliyetaka kuzirudia. Zilipofunguliwa, mtihani wa taifa, ule wanafunzi wanaouita Exetat, ulikuwa tayari mlangoni.

“Papa, Madame ameanza revizio ya fizike. Joto na mawimbi. Njo zile hatukusoma muzuri.”

“Najua. Lakini ngombe haijue egzame. Asubui inatoa tu maziwa.”

Kayitare alijiandaa kwa machozi. Alikuwa na maneno ya kuyajibu machozi, ameyapanga tangu barabarani: kwamba maziwa yakimwagika, hata karo ya shule imemwagika, kwamba mama yake yuko kitandani, kwamba mtihani upo na mwakani. Umulisa hakulia. Aliinama juu ya ndoo yake, akasema, “Sawa, Papa,” akaendelea kusugua mahali palipokuwa safi zamani.

Ile “sawa” ilimkaa Kayitare kama mwiba wa samaki kooni.

*

Mwalimu wa fizikia aliitwa Gentille. Alikuwa mtu wa Walikale, nchi ya msitu, ambako mtu anaweza kukua hadi akazeeka bila kukutana na ng'ombe njiani. Alikuwa amekubali kazi ya kufundisha katika milima ya Masisi, akajifunza kuvumilia baridi na matope, lakini pembe zilikuwa bado zinamshinda. Hivyo Kayitare alipotoka nyuma ya nyumba siku ya pili ya Umulisa kukosa masomo, alimkuta mwanamke amesimama katikati ya njia, mwavuli ameunyoosha mbele kama mkuki, na mbele yake fahali wake mpole kuliko wote, akitafuna.

“Papa!” mwanamke aliita bila kugeuza shingo. “Hii kitu inaumaka?”

“Hapana, Madame. Iko nakuangalia tu. Hajaona mwavuli nyekundu.”

Kayitare alimpiga fahali kofi la upole kwenye nyonga, njia ikafunguka. Alijua mgeni amefuata nini, na aliyapanga tena maneno yake. Mwalimu alisalimia kwa adabu, akauliza hali ya Mama, akapokea kiti. Kisha akasema, “Kiti ya Umulisa iko tupu.”

“Madame, ningekuwa na mutu mwingine, ningemutuma. Sina. Ile mafunzo yako ya joto, itanipikia maziwa?”

Alisema kwa ukali kidogo kuliko alivyokusudia. Gentille hakukasirika. Aliangalia moshi uliokuwa ukitoka kwenye banda.

“Iko mule ndani sasa?”

“Iko anapika.”

“Naweza ona?”

Banda lilikuwa la mbao, limepakwa masizi hadi darini. Umulisa alisimama kando ya moto, kitambaa kichwani, akiingiza kiwiko ndani ya sufuria kupima joto kama mama yake. Alipomwona mwalimu wake mlangoni, aliona haya, akaficha mikono nyuma. Gentille alitazama moto, akatazama sufuria ya maziwa, pipa la maji ya baridi, birika lililokuwa likitokota, kalibu za jibini zilizopangwa rafuni. Halafu akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima akaukuta mkononi mwake.

“Papa Kayitare, ku shule niko na termometre moja tu. Moto sina, sufuria sina. Niko nachora moto ku ubao na chaki, batoto bananiangalia tu. Hapa moto iko! Acha Umulisa apike. Shiye njo tutakuya kwake.”

“Shiye nani?”

“Darasa yote.”

Kayitare aliangalia masizi. Aliangalia samadi nje ya mlango, na viti vyake vitatu, kimoja kikiwa na mguu wa kuazima. Watoto wa watu wangekuja kuona hapa ndipo anapotoka msichana anayekaa nao benchi moja. Tena kulikuwa na jambo jingine.

“Hata mutoto ya Habumugisha?”

“Shema? Hata ye. Iko finaliste kama benzake.”

Habumugisha alikuwa jirani yake wa ng'ambo ya kijito, mkulima. Msimu uliopita ng'ombe wa Kayitare waliingia katika maharage yake na kuyala hadi mizizi. Wazee waliamua, Kayitare akalipa, mambo yakaisha kwa mdomo. Lakini tangu siku hiyo wanaume hao wawili walipokutana njiani kila mmoja aligundua jambo la maana upande wa pili wa mlima, akalitazama mpaka mwenzake apite.

Kayitare alifungua mdomo akatae. Kisha akamwona binti yake. Mikono yake ilikuwa imetoka nyuma ya mgongo na ilikuwa imeshikana kifuani, na macho yake yalikuwa yamefunguka kama dirisha.

“Bakuye,” alisema. “Lakini basikanyage kalibu.”

*

Siku ya darasa Kayitare aliamka akafagia ua mara mbili, akaondoa samadi, akaenda kanisani kuazima mabenchi. Wanafunzi walikuja kwa mstari kando ya kijito, wakiwa na sare na madaftari, wakicheka na kusukumana. Shema, kijana mrefu mwenye sauti nzito, alimsalimia Kayitare kwa mikono miwili, na Kayitare akaitikia huku akitafuta cha kutazama mlimani. Hakukipata.

Gentille alianza na maji. Aliliweka birika motoni, akaning'iniza kipimajoto ndani, akamwita Umulisa asome kwa sauti namba zikipanda. Zilipanda vizuri. Maji yakaanza kuunguruma, mapovu yakaja, mvuke ukajaa banda.

“Tisini na tatu,” alisoma Umulisa. Akasubiri. “Tisini na tatu. Madame, haipande tena.”

“Ongeza kuni.”

Kayitare mwenyewe aliongeza, kwa mikono yote miwili. Moto ukavuma. Maji yakarukaruka kama yamepagawa.

“Tisini na tatu.”

“Termometre imeharibika,” Shema alisema. “Kitabu kinasema maji inachemka ku mia moja.”

Darasa zima likakubali: imeharibika. Gentille aliwaacha wabishane, uso umemng'aa, mpaka mabishano yakakaribia kuwa ugomvi.

“Haijaharibika. Musikilize. Hewa njo inakaliaka maji, kama kifuniko. Kule kwetu Walikale tuko chini, hewa iko muzito, inakalia maji na nguvu, maji inachemka karibu ku tisini na nane. Hapa muko juu ya mulima, hewa iko mwepesi. Maji inaponyoka mbele ya kufika mia. Na ikisha kuchemka, hata uchome musitu muzima, haitapanda. Moto yote inaenda mu kugeuza maji kuwa mvuke.”

Kayitare alifikiria rundo lake la kuni, akaona haya kidogo, kisha akaona raha. Hakuwa peke yake aliyedanganywa na moto; hata wasomi walikuwa wamekunja nyuso.

“Kwa hiyo,” sauti ilisema kutoka mlangoni, “maharage nayo?”

Wote waligeuka. Habumugisha alikuwa amesimama pale, jembe begani. Alikuwa amekuja kumtoa mwanawe katika ua wa mtu asiyeamkiana naye, na alikuwa ameandaa jinsi ya kulisema hilo. Sasa jembe lilikuwa linateremka begani lenyewe.

“Karibu, Papa,” alisema Gentille. “Maharage namna gani?”

“Huku yetu inachukua siku muzima kuiva. Ndugu zangu benye balihamia chini banasema kwao inaiva mbio. Mama Shema iko nanung'unika kila siku, eti ninamulimia mawe. Miaka yote! Eti maharage ya Habumugisha ni ya mawe!”

“Si maharage, Papa. Ni mulima. Maji yenu haifike ku joto ya kutosha. Afunike sufuria na kifuniko kizito, mvuke isitoke ovyo, itasaidia.”

Habumugisha alishusha jembe chini kabisa. “Kumbe ni mulima!” alisema, akamtazama mtu aliye karibu naye ili wafurahi pamoja, na mtu huyo alikuwa Kayitare.

Wanafunzi wote walijua habari ya maharage na ng'ombe. Kayitare alisogea kwenye benchi, akapapasa nafasi iliyobaki kando yake.

“Ikala,” alisema. “Bado banaendelea.”

Habumugisha akakaa.

Waliendelea na michanganyiko. Maziwa ya baridi kiasi hiki, maziwa ya moto kiasi kile: yakikutana, yatatulia kwenye joto gani? Wanafunzi walikokotoa magotini. Majibu yalipishana, wakapigana kwa hoja, Umulisa akamwonyesha Shema mahali aliposahau alama ya kutoa. Kisha wakamwaga, kipimajoto kikatumbukizwa, na kilipotulia karibu kabisa na jibu lao, kelele iliyotoka bandani iliwafanya ng'ombe wote wainue vichwa. Umulisa alitia dawa. Walipokuja kutazama baadaye, maziwa yalikuwa yameshikana, laini, yakitikisika kama shavu la mtoto mchanga.

Alasiri ilikuwa ya mawimbi, nje, uani. Gentille aliomba kamba ndefu. Kayitare alileta ile ya kufungia ndama.

“Nataka bantu babili benye nguvu. Wanafunzi banahitaji kuangalia na kuandika. Bapapa, musimame.”

Hawakuwa na pa kukimbilia. Wanaume wawili waliokuwa wakikwepana tangu msimu wa maharage walisimama, mmoja huku, mwingine kule, kamba katikati yao, darasa zima likiwatazama. Mara ya kwanza wote wawili walitikisa kwa nguvu, na kamba ikajinyonganyonga kama nyoka aliyepigwa kichwani. Wanafunzi walicheka mpaka Gentille akapiga makofi.

“Hapana, hapana! Mumoja anatikisa, mwengine anashika tu. Papa Kayitare, weye ushike. Usitikisike hata kidogo.”

“Kushika tu?”

“Kushika tu. Njo kazi ya nguvu.”

Habumugisha alianza. Kamba ilivuma, ikayumba. “Kaza!” alipiga kelele, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza kumtupia Kayitare peke yake tangu ugomvi.

“Niko nakaza! Weye njo unakimbia sana!”

“Sikimbie, ni weye unavuta!”

“Polepole, Papa Habumugisha,” alisema Gentille. “Sikia mukono yako. Ongeza kidogo. Kidogo tena.”

Na ghafla kamba ikatii. Ikagawanyika mbele ya macho yao: matumbo mawili makubwa yaliyopanda na kushuka, na katikati, sehemu moja iliyotulia kabisa, kana kwamba kidole kisichoonekana kiliishika hewani. Hata Gentille, aliyejua itakuja, alisogea kuiona vizuri.

“Wimbi lililosimama,” alisema Umulisa taratibu. “Pale katikati ni fundo. Pembeni ni tumbo.”

“Ongeza mbio!” Shema alimlilia baba yake. Habumugisha aliongeza, jasho likimtiririka, matumbo yakawa matatu, mafundo mawili. Kayitare alisimama imara kama mti, meno ameyauma, na alipoangalia upande wa pili wa kamba alimwona jirani yake anacheka kwa mdomo wazi, mapengo yote nje. Hakukumbuka tena kama kulikuwa na kitu cha kutazama mlimani.

*

Darasa lilirudi kila siku hadi marudio yakaisha. Kayitare aliacha kusimama mlangoni, akaingia ndani, na kidogo kidogo akajifunza kupika na kipimajoto, kisha bila kipimajoto. Katikati ya hayo simu ilitoka Masisi: Mukagasana amejifungua msichana, wote wazima. Wanafunzi walipiga makofi, wakapendekeza mtoto aitwe Fizike. Mama yake aliposimuliwa kwa simu alisema akili zao zimechemka hata kabla ya tisini na tatu, na mtoto wake ataitwa Umugwaneza.

Juma la mtihani, Umulisa aliondoka na wenzake kwenda kituoni, na jibini yote ilikuwa ya Kayitare. Nsengimana alipita na pikipiki yake. Alibonyeza, akanusa. Alikata kipande, akala, akakata kingine, akala. Kisha akafungua mfuko wa mzigo, akapakia.

“Sabuni hiyo,” Kayitare alimwambia, “usiwape wateja waoshee nguo.”

*

Matokeo yalitoka alasiri moja ya jua, kwa ujumbe wa simu, na mtandao Bihambwe hukamatika juu ya kilima kimoja tu. Finalisti wote, wanafunzi wa mwaka wa mwisho, walipanda, na wazazi wakapanda nyuma yao, kila mmoja na kopo la poda, ule unga mweupe wa watoto, mfukoni, kwani mshindi wa Exetat hurudi nyumbani akiwa mweupe toka nywele hadi viatu.

Simu ya Umulisa ililia miongoni mwa za kwanza. Alisoma, akaketi chini, akainuka, akasoma tena.

“Sitini na ine ku mia, Papa! Sitini na ine!”

Simu nyingine zikalia, huku na huku, mayowe yakijibizana. Kayitare alikuwa ameshafungua kopo na kuinua mkono juu ya kichwa cha binti yake alipowaona Habumugisha na mwanawe. Shema alikuwa ameketi kwenye nyasi, kichwa katikati ya magoti. Baba yake alisimama amenyoosha simu angani kwa mkono mmoja, kama mtu anayekinga mvua ambayo haimnyeshei.

Kayitare alifunika kopo.

“Papa?” Umulisa aliuliza.

“Bado. Ya Shema haijafika.”

Umulisa alimtazama, akaelewa, akaenda kuketi kando ya Shema. Wenzake wakaona. Mmoja baada ya mwingine wakafunika makopo, kelele ikapungua, na kilima kizima kikawa watu wanaosubiri simu moja.

Habumugisha aliona haya. “Jirani, fanya furaha yako,” alisema kwa sauti ya chini. “Mutoto yako ameshinda. Usiifunge juu yangu.”

“Furaha haioze,” Kayitare alimjibu. “Itangoja.”

Walingoja. Mtandao ulikuja ukapotea. Simu ikalia, Habumugisha akaruka karibu aidondoshe, na kumbe ilikuwa tangazo la kampuni ya simu, likimwomba anunue muziki wa kuwaburudisha wanaompigia. Shema mwenyewe alicheka, kicheko kikavu kama jani la mgomba, na wengine wakacheka kwa kumhurumia. Jua likasogea. Hakuna aliyeshuka.

Ikalia tena. Habumugisha aliusogeza uso kwenye kioo, akaurudisha nyuma. Macho yake hayakusoma herufi ndogo. Akampa simu mtu aliyesimama karibu.

Kayitare alisoma kimya kwanza.

“Habumugisha Shema,” alisoma kwa sauti, na sauti ikamkatika, akaanza upya. “Habumugisha Shema. Amepita. Makumi tano na munane.”

Kilichofuata hakuna aliyeweza kukisimulia kwa mpangilio. Makopo yalifunguka yote kwa pamoja. Kilima kilipotea ndani ya wingu. Shema alibebwa juu, akaangushwa, akabebwa tena. Gentille, aliyepanda akiwa amevaa gauni jeusi la kanisani, aligeuka mweupe kabla hajafunga mwavuli. Kayitare alimmiminia Umulisa kichwani, na kilichobaki akamwagia Habumugisha. Habumugisha naye akamlipa kwa kopo zima.

Walishuka wakiimba. Mukagasana, aliyekuwa amerudi nyumbani na mtoto mgongoni, alisikia nyimbo akatoka hadi njiani. Aliona msururu wa watu weupe wasio na nyuso ukimjia, wakubwa kwa wadogo, wamekumbatiana mabegani, na hakumtambua hata mmoja.

“Jamani,” aliita huku akicheka, “bwana yangu ni nani mu ninyi?”

Mtu mmoja alisukumwa mbele na mwenzake. Unga usoni pake ulikuwa umechimbwa mifereji miwili mirefu, toka machoni hadi kidevuni.

“Kamata wako, Mama Umulisa,” alisema Habumugisha. “Ni huyu mwenye iko nalia.”